Alijua kuoga, ila alisubiri kuambiwa

Mama aliyenitafuta alikuwa na ombi moja, na alilitoa kabla hata hajaketi. "Mwalimu, nataka huyu aoge mwenyewe. Ameshakuwa mwanaume. Mimi mama yake siwezi kuendelea kusimama bafuni."

"Huyu" alikuwa kijana wa miaka 19 mwenye usonji, au tawahudi kama wengine wanavyouita. Nitamwita kijana tu, na mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha au nimeyageuza. Anaishi na mama yake na dada yake mkubwa. Maneno yake ni machache, na mengi ni marudio ya aliyoyasikia: ukimuuliza "unataka maji?" anakujibu "unataka maji", na hapo ndipo unajua kwamba ana kiu. Anasoma maneno mafupi. Anapenda vifuniko vya chupa. Huvipanga kwa ukubwa, akavivuruga, akavipanga kwa rangi, kisha akarudi kwenye ukubwa. Hana kifafa, hatumii dawa, na daktari alikuwa amempima mwezi uliotangulia. Hilo la daktari nimelitanguliza makusudi, nitalirudia.

Taarifa iliyokuja naye ilisema hawezi kujihudumia. Niliisoma nikaiamini, na hilo ndilo kosa langu la kwanza katika kisa hiki.

Alama 43

Siku ya kwanza sikufundisha kitu. Nilikaa nje ya bafu, upande ambao sioni ila nasikia, nikiwa na karatasi na kalamu. Kila mama alipotamka neno la kumwongoza niliweka alama. "Vua shati." "Na suruali." "Ingia." "Fungua maji." "Shika sabuni, baba." "Mkono. Mkono wa pili." "Geuka." Shughuli nzima ilichukua kama dakika 20, na nilipohesabu alama zangu zilikuwa 43. Maana yake mama alikuwa akisema kitu kila baada ya nusu dakika, kila siku, kwa miaka ambayo yeye mwenyewe alishindwa kuikumbuka.

Baadaye nilimuuliza: kati ya mara hizo 43, ni mara ngapi ulilazimika kumshika mkono na kumwonyesha? Akafikiri. Akasema hakuna. Mara ngapi alikosea, akashika taulo badala ya sabuni, akaanza na miguu ulipomwambia kichwa? Hakuna.

Hapo nikarudi kuisoma ile taarifa upya. Mtu asiyejua kuoga hukosea. Huruka hatua, hurudia hatua, hujipaka sabuni akiwa mkavu, husahau kujisuuza. Kijana huyu hakukosea hata mara moja. Kila neno lilipotoka alitenda papo hapo, na kwa usahihi. Baada ya kutenda alisimama, maji yakawa yanammwagikia, mpaka neno lingine lije. Alikuwa na hatua zote. Kilichokosekana ni cha kumtoa kwenye hatua moja na kumpeleka kwenye nyingine, na kazi hiyo ilikuwa imekabidhiwa sauti ya mama.

Dada mtu aliongeza jambo ambalo mama hakulitaja. Siku moja mama alipigiwa simu katikati ya shughuli, akatoka kuipokea. Aliporudi alimkuta kijana amesimama vile vile, sabuni mkononi, maji yameshapoa. Dada alikisia robo saa. Nilipoandika habari hiyo mama aliangalia pembeni, kana kwamba anashtakiwa. Hakuna aliyekuwa akimshtaki. Alifanya ambalo yeyote angefanya: mtoto hakuanza, akamwambia, akaanza, kesho yake akamwambia tena.

Kuanza ni ustadi peke yake

Sisi ambao miili yetu hujiendesha asubuhi huwa hatuoni kwamba kuna kitu kinaitwa kuanza. Tunaona kujua na kutaka, tunadhani vikikutana jambo linafanyika. Kwa watu wengi wenye usonji kuna pengo hapo katikati. Mtu anajua, na pengine anataka, lakini mwili haupokei amri ya kuondoka pale ulipo. Watu wazima wenye usonji wanaoweza kujieleza wanalizungumzia sana hili: kukaa kwenye kiti saa nzima ukijiambia "inuka" na hauinuki. Wanaowatazama kwa nje huuita uvivu, au ukaidi, au huandika kwenye taarifa kwamba hawezi kujihudumia.

Ndiyo maana pia vipimo vya akili na maisha ya kila siku mara nyingi havilingani. Unaweza kumkuta mtu aliyefanya vizuri darasani, mwenye kumbukumbu kali, lakini shughuli zake za nyumbani ziko chini sana ya kile ambacho alama zake zingekufanya utarajie. Familia huchanganyikiwa: mbona hili kubwa analiweza, na hili dogo limemshinda?

Juu ya pengo hilo linakuja lile tunalolijenga wenyewe. Ukimfundisha mtu kwa mtindo wa agizo, jibu, pongezi, siku nenda siku rudi, atajifunza ulichokusudia na atajifunza pia usichokikusudia: kwamba kitendo huanza mtu mwingine anapofungua mdomo. Andy Bondy na Lori Frost, waliobuni mwaka 1985 ule mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha unaojulikana kama PECS, waliliona hili mapema. Wengi huukumbuka mfumo huo kwa kadi zake. Mimi kilichonifunza zaidi ni namna hatua yake ya kwanza inavyofanywa. Wanakuwapo watu wazima wawili. Mmoja ameshika kitu ambacho mtoto anakitaka, na haruhusiwi kuuliza "unataka nini?" Wa pili yuko nyuma ya mtoto, anaongoza mkono wake kimya kimya, kisha anapunguza msaada mpaka unaisha. Lengo ni mtoto aanze mwenyewe. Ukitanguliza swali, utapata mtoto anayejibu vizuri na asiyeomba kamwe.

Sasa lile la daktari. Kijana huyu hakuwa amewahi kuoga bila sauti. Hakuna alichopoteza. Lau mama angeniambia kwamba mwaka jana alikuwa anaoga peke yake na sasa anasimama tu, nisingeanza na kadi wala ratiba. Mtu mwenye usonji anapopoteza alichokuwa nacho, akawa mzito, akaganda katikati ya kitendo, akaacha kula au kusema, hilo ni la kupelekwa hospitali. Inaweza kuwa maumivu ambayo hajui kuyasema, jino au tumbo. Inaweza kuwa sonona. Inaweza kuwa kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji kuliko watu wengine. Inaweza kuwa katatonia, hali ya mwili kuganda ambayo ina matibabu yake. Kumpangia mtu wa namna hiyo mafunzo ya kujitegemea ni kumcheleweshea tiba.

Mshale

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Nilipiga picha 12 za vitu vyake mwenyewe: bomba lake, sabuni yake, taulo lake. Nikazipanga ukutani kutoka juu kwenda chini, zikiwa zimefunikwa plastiki zisilowe. Msingi wake ni imara. Eric Schopler na wenzake wa North Carolina, katika programu ya TEACCH iliyoanzishwa mwaka 1972, walijenga mtindo mzima wa kufundishia juu ya jambo moja: neno likishatamkwa limepotea, picha inabaki palepale. Watu wengi wenye usonji hushika vizuri zaidi kilicho mbele ya macho.

Nilisimama kando ya ukuta na mama. Kijana alipomaliza hatua nilinyoosha kidole kwenye picha inayofuata, mama naye akajifunza kufanya hivyo. Baada ya wiki mbili maneno ya mama yalikuwa yameshuka kutoka 43 hadi 6. Tulifurahi. Niliandika "maendeleo makubwa" kwenye daftari, na maneno hayo bado yapo, sikuyafuta.

Wiki ya tatu mimi sikwenda, na mama alikuwa na mafua, akambakisha kijana bafuni na picha zake. Alimkuta amesimama mbele ya picha ya kwanza, nguo zote mwilini, anaitazama. Alikuwa anasubiri kidole.

"Mwalimu," aliniambia kwenye simu, "nimeacha kuwa redio, nimekuwa mshale."

Sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo ya kosa ambalo nimeliona kwa wenzangu wengi na ambalo nililifanya mwenyewe. Tulikuwa tumehamisha agizo kutoka mdomoni hadi kwenye kidole. Kwa kijana hakuna kilichobadilika: mwanzo wa kila kitu bado ulikuwa kwa mtu mwingine. Picha ukutani zilikuwa pambo.

Kurudi nyuma, na kunyamaza

Tulibadilisha mambo kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo siwezi kudai kwamba najua lipi lilifanya kazi kwa kiasi gani. Nitasema ninavyoamini.

La kwanza, picha tuliziweka kwenye ukanda wa kubandika na kubandua, na chini yake kisanduku. Kabla ya kila hatua kijana mwenyewe anabandua kadi na kuidondosha kisandukuni. Linaonekana dogo, lakini sasa mkono wake ulikuwa na kitu cha kufanya kati ya hatua na hatua, pale pale alipokuwa akiganda. Na ukanda ukibaki mtupu, kuoga kumekwisha. Hapo awali hakuwa na namna ya kujua kwamba kumekwisha isipokuwa mama aseme "haya, basi".

Halafu mtu mzima akahamia nyuma yake. Hakuna kuonekana, hakuna kusema. Akiganda, mama anamgusa kiwiko kwa kidole kimoja kuelekea kwenye ukanda, basi. Hata mguso huo tuliuondoa kwa kuanzia mwisho. Hatua ya 12, kutundika taulo na kutoka, ndiyo iliyokuwa yake peke yake kwanza. Ilipokaa sawa, ya 11. Kisha ya 10. Wengi huanza mwanzo kwa sababu ndivyo kazi inavyokwenda. Ila ukianza mwanzo, mtu anafanya hatua moja kisha anaburuzwa hatua 11. Ukianza mwisho, anasaidiwa hatua 11 kisha anamaliza mwenyewe, anatoka, anakwenda kwenye vifuniko vyake. Kumaliza kunakuwa kwake tangu siku ya kwanza.

La tatu ndilo lililomtesa mama: kusubiri.

Nilimwomba avae saa yenye mshale wa sekunde. Kijana akisimama, usimguse mpaka dakika moja ipite. Mama akasema dakika moja si kitu. Jioni hiyo nilisimama naye nyuma ya pazia. Kijana alikuwa amemaliza hatua ya 9, mgongo umetugeukia, maji yamefungwa, mkono wa kulia umening'inia. Sekunde 10. Mama alinitazama. Sekunde 20. Aliuinua mkono wake mwenyewe akaushika kwa mkono mwingine, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Sekunde 30, nikaona midomo yake inacheza bila sauti: taulo, baba, taulo. Kijana aliuangalia ukanda, akaangalia sakafu. Sekunde 40. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kusuguana. Kwenye sekunde ya 47 mkono ulipanda, ukabandua kadi, ukaidondosha. Mama alitoka hadi ukumbini akaketi chini, akalia kimya kimya.

Sekunde 47. Kwa miaka yote hiyo yeye alikuwa anasema baada ya 3 au 4. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Wao hawatusomi sisi, na sisi hatuwasomi wao. Kabla ya jioni ile nilikuwa nakubali hoja hiyo kama mtu anavyokubali hoja. Sisi tuliusoma ukimya wake kuwa "hajui". Ukimya ulikuwa ni yeye anafanya kazi, na kila tuliposema tulimkatiza, akaanza kuhesabu upya.

Hatua ya kichwa

Kati ya hatua zote moja haikusogea. Kwenye "kichwa" hakuganda tu; aliondoka kabisa, na maji yakiwa wazi. Kwa wiki nzima niliiweka kwenye kapu moja na zile nyingine, nikaongeza muda wa kusubiri. Muda haukusaidia.

Dada ndiye aliyeuliza, bila kunuia kuuliza la maana: "Kwani wewe, mwalimu, unapenda maji yakupige usoni huku husikii?"

Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, uliingiza rasmi kwenye vigezo vya usonji tofauti za hisi: kuhisi kupita kiasi au chini ya kiasi. Ninaujua mstari huo, nimeufundisha kwa wengine. Na bado nilikuwa nimesimama mbele ya kijana anayekimbia maji ya usoni, nikihesabu sekunde. Kutoanza na kutotaka vinafanana ukivitazama kwa nyuma. Ukivitazama kwa mbele havifanani: kwenye hatua nyingine uso wake ulikuwa mtulivu, kwenye hii alikuwa amebana macho na mabega yamepanda.

Tulimpa kopo. Anateka maji, anajimwagia mwenyewe, kwa kiasi chake, wakati wake, kichwa kimeinamishwa nyuma. Siku ya pili hatua ya kichwa ilimchukua muda mfupi kuliko zote.

Kadi nyekundu

Kadi ya 13 haikuwamo kwenye ukanda. Ilikuwa nyekundu, imeandikwa "msaada", na iliwekwa mahali pake pekee karibu na mlango. Niliing'ang'ania kadi hii kuliko zote. Mtu anayefanya kila kitu peke yake mpaka siku kitu kinapoharibika, halafu akasimama gizani kwa sababu hana namna ya kuita, hajajitegemea. Amebahatika tu mpaka siku hiyo.

Tuliifundisha kwa hila. Mama aliukaza mfuniko wa chupa ya sabuni kupita kawaida. Kijana alipouzungusha ukagoma, dada, akiwa nyuma, aliuongoza mkono wake hadi kwenye kadi nyekundu na kutoka nayo hadi kwa mama. Mama akaufungua bila hotuba. Safari nyingine bomba lilifungwa kwa nje. Nyingine taulo halikuwapo. Tulikuwa waangalifu tusizidishe; mtu ukimtegea kila siku atakoma kuliamini bafu lenyewe. Kwa majuma mawili kadi ilitembea tu akiongozwa. Baadaye ikaanza kutembea yenyewe, lakini kwa mfuniko peke yake. Bomba likikwama alirudi kusimama. Hili linajulikana: watu wengi wenye usonji hujifunza jambo pamoja na mahali pake, na kulihamisha ni somo jingine. Tulilifundisha upya kwa bomba, upya kwa taulo, na sikuwa na uhakika kwamba litavuka hapo.

Alipoihamisha kadi

Mwezi wa tatu kijana alikuwa na ukanda mwingine sebuleni, wa siku nzima: kuamka, kuoga, kuvaa, na kadhalika hadi kulala. Asubuhi moja alibandua kadi ya kuoga, akaishika muda, akaibandika chini, juu kidogo ya kulala. Kisha akavaa nguo.

Mama aliirudisha. Yeye akaihamisha tena. Siku ya tatu ya mvutano huo nilipigiwa simu, na mama alikuwa na hasira za haki. "Mwalimu, tumehangaika miezi mitatu, sasa ameanza ukaidi."

Nilimwambia ninavyoona, na hatukukubaliana siku hiyo. Kuhamisha kadi lilikuwa jambo la kwanza katika mpango mzima ambalo sisi hatukulipanga. Kila kingine alichofanya kilikuwa chetu, tumekiwekea picha. Hiki kilikuwa chake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 19, unazungumzia haki ya kuishi kwa kujitegemea, na unaiweka sambamba na kuwa na uchaguzi sawa na watu wengine. Wanaoandika mipango kama yangu hupenda nusu ya kwanza. Nusu ya pili inapokuja nyumbani, inakuja kwa sura ya kijana ambaye hataki kuoga asubuhi.

Na lilikuwapo jambo lingine, zito zaidi, ambalo nilichelewa kumwambia mama kwa sababu halisemeki kirahisi. Kijana wa miaka 19 aliyezoezwa kuvua nguo kila anapoambiwa "vua", na mtu mzima yeyote, bila kuuliza, yuko hatarini. Watu wenye ulemavu hudhulumiwa kimwili na kingono kuliko wengine, na mara nyingi na wale wanaowahudumia. Utiifu tunaousifu, ule wa kutenda papo hapo na kwa usahihi, ndio mtu mbaya anaoutafuta. Nilihitaji kijana ajue kwamba "hapana" yake ina kazi, na hawezi kulijua hilo kwa kulisikia tu. Lazima aseme hapana mahali fulani na ulimwengu usogee. Saa ya kuoga ni mahali pazuri pa kuanzia. Haina hasara kwa mtu.

Mama alinyamaza sana. Kisha akauliza kama angeoga usiku atakuwa msafi asubuhi. Nikasema ndiyo, kwa kiasi cha kutosha. Kadi ikabaki chini. Wiki hiyo hiyo tuliongeza sheria moja, na tuliiandika kwa maneno yake mafupi: mlango wa bafu unafungwa, na anayetaka kuingia anabisha.

Tulipofika

Mwezi wa tano aliingia, akafunga, akatoka. Kuoga kulichukua dakika 35, mara nyingine 40. Mgongo haukusuuzwa vizuri kila siku. Nywele bado anaoshwa na dada, mara moja kwa wiki, kwa makubaliano ambayo yana kadi yake. Mama alitaka tuendelee mpaka mgongo uwe sawa, mimi nikaona tuache. Nilikuwa nimeona mara nyingi mno mtu akinyang'anywa kazi yake yote kwa sababu ya sehemu moja ya kumi isiyoridhisha. Tulipatana kwa brashi ya mpini mrefu na kunyamaza.

Kadi zenyewe zilipungua bila sisi kuziondoa. Alianza kubandua mbili kwa pamoja, kisha tatu. Sikuwahi kupanga kumtoa kwenye kadi. Mimi natumia kalenda, na hakuna aliyenipa tarehe ya kuiacha.

Niliacha kwenda. Mwezi wa saba mama alisafiri siku tatu, safari yake ya kwanza bila mwanawe, na dada alibaki naye. Usiku wa pili dada alinipigia. Kijana amesimama mlangoni mwa bafu na taulo begani, ana nusu saa, haingii, kadi hajagusa. Dada amekumbuka niliyosema, hajamwambia neno, lakini sasa afanye nini? Nilimuuliza kadi nyekundu iko wapi. Akaenda kuangalia mahali pake karibu na mlango, akarudi kwenye simu: haipo. Hakuwa nayo mkononi wala mfukoni.

Nikasikia hatua zake, kisha kimya, kisha akacheka.

Ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya swichi ya taa. Dada aliibonyeza, taa haikuwaka. Akabadilisha balbu, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.